Ghala na Akiba: Kutunza Data za Lugha katika Hifadhi za Wingu kwa Mstari wa Amri

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda nyanjani siku hizi habebi daftari na kalamu pekee. Hubeba simu au kinasasauti, na anaporejea chuoni huwa amekuja na sauti za watu. Katika kaunti za Kericho na Bomet sauti hizo zina thamani ya pekee kwa mtaalamu wa isimujamii. Tangu miaka ya 1920, mashamba makubwa ya chai yamewakutanisha Wakipsigis, Waluo, Abagusii, Waluhya na jamii nyinginezo, na Kiswahili kikawa chombo cha kuelewana baina yao. Kiswahili kinachosemwa baina ya mistari ya michai, kwenye vituo vya kupimia majani na katika makaazi ya wafanyakazi ni Kiswahili kilicholelewa na kazi yenyewe.

Kazi hiyo inabadilika. Mwaka wa 2023 mashine kadhaa za kuchumia chai ziliteketezwa kwa moto katika mashamba ya Kericho wakati wa maandamano ya watu waliolalamika kwamba mashine hizo zinawanyang'anya ajira. Mkono unapoondoka shambani, msamiati wa mkono nao huondoka: majina ya hatua za kazi, lugha ya wasimamizi na wachumaji, utani na nyimbo za kupunguzia uchovu. Kwa hiyo rekodi iliyofanywa leo Mogogosiek au Kabianga huenda isiweze kurudiwa miaka kumi ijayo. Kuipoteza si sawa na kupoteza insha ambayo mwandishi wake anaweza kuketi akaiandika upya.

Makala haya yanaazimia kueleza jinsi mtafiti mwenye kompyuta ya kawaida anavyoweza kutunza rekodi zake katika hifadhi kadhaa za wingu kwa kutumia amri zinazochapwa, badala ya kubofya vitufe kwenye tovuti moja baada ya nyingine. Programu itakayotumiwa kama mfano ni rclone. Hoja kuu ni kwamba wingi wa maghala peke yake hauleti usalama. Usalama huletwa na mtafiti anayekielewa kitenzi anachokitamka anapoiamuru kompyuta, kwa sababu kitenzi kimoja huhifadhi na kingine, kinachofanana nacho kwa mbali, hufuta.

Uzito wa Sauti

Kabla ya kuzungumzia maghala ni muhimu kujua ukubwa wa mzigo. Sauti iliyorekodiwa bila kubanwa, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 na mkondo mmoja, huchukua baiti 88,200 kila sekunde. Hizo ni takriban megabaiti 5.3 kwa dakika na megabaiti 318 kwa saa. Mtafiti akipandisha ubora hadi sampuli 48,000, biti 24 na mikondo miwili, saa moja ya mazungumzo hufikia takriban gigabaiti 1.04.

Tulinganishe hesabu hizo na nafasi zinazotolewa bila malipo. Akaunti ya kawaida ya Google hutoa gigabaiti 15, nazo hugawanywa baina ya baruapepe, picha na faili nyinginezo. OneDrive ya Microsoft hutoa gigabaiti 5, na Dropbox gigabaiti 2. Hata kama gigabaiti zote 15 zingekuwa tupu, zingetosha takriban saa 47 za sauti ya ubora wa kwanza, au saa 14 tu za ubora wa pili. Mwanafunzi anayefanya mahojiano 30 ya saa moja moja kwa ubora wa pili atajikuta amegawanya data zake katika akaunti kadhaa, apende asipende. Hapo ndipo tatizo la usimamizi linapoanza: faili ipi iko wapi, ipi imenakiliwa mara mbili, na ipi haipo popote.

Wingu na Udhaifu Wake

Neno "wingu" limezoeleka katika Kiswahili cha teknolojia, lakini linaweza kumpotosha msomaji. Data haziko angani. Ziko katika kompyuta kubwa ziitwazo seva, zilizojengewa majumba maalumu katika nchi mbalimbali, na aghalabu humfikia mtumiaji wa Kericho kupitia nyaya zilizolazwa chini ya bahari hadi Mombasa. Nyaya za TEAMS na SEACOM, zilizofika pwani ya Kenya mwaka wa 2009, ndizo zilizoanza kutupunguzia utegemezi wa setilaiti. Hata hivyo, tarehe 12 Mei 2024 hitilafu katika nyaya za EASSy na SEACOM ilipunguza kasi ya intaneti katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Kadhalika, usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea katika sehemu kubwa ya Kenya kwa saa nyingi. Faili inaweza kuwa salama kabisa katika seva ya mbali, na bado mwenyewe asiweze kuifikia siku anayoihitaji.

Udhaifu wa pili ni wa kisera. Mnamo Februari 2021 Google ilitangaza kwamba hifadhi isiyo na kikomo iliyokuwa ikitolewa kwa taasisi za elimu ingekoma, na mahali pake kila taasisi ipewe terabaiti 100 za kugawana baina ya watu wake wote. Utaratibu huo ulianza kutekelezwa kwa taasisi zilizokuwapo mnamo Julai 2022. Tangu Desemba 2023, kampuni hiyo hiyo inaweza kufuta akaunti ya binafsi ambayo haijatumiwa kwa miaka miwili. Isitoshe, akaunti ya chuo ni ya chuo. Mwanafunzi akihitimu, muda wa kuendelea kuitumia huamuliwa na taasisi, si yeye.

Udhaifu wa tatu ni binadamu mwenyewe: kompyuta huibwa, simu huanguka majini, na mkono hufuta usichokusudia. Maadamu kila hifadhi ina namna yake ya kushindwa, busara ni kuwa na nakala katika mahali zaidi ya pamoja, na mahali hapo pawe chini ya wenye mamlaka tofauti. Utaratibu unaopendekezwa na wahifadhi wengi wa nyaraka ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyumbani. Kwa mwanafunzi wetu, nakala hizo zinaweza kuwa kompyuta yake, diski ya nje na hifadhi ya wingu. Akiongeza hifadhi ya pili ya wingu atakuwa amejikinga zaidi.

Sarufi ya Amri

Mstari wa amri ni dirisha ambalo mtumiaji huchapa maagizo kwa maneno na kompyuta ikajibu kwa maneno. Wanafunzi wengi huliogopa kwa sababu halina picha. Hata hivyo, mwanafunzi wa lugha ndiye asiyepaswa kuliogopa, kwa kuwa muundo wake ni wa kisarufi. Amri ya rclone inayohamisha faili huwa na jina la programu inayoamriwa, kitenzi, chanzo na kikomo. Baada ya hapo huweza kufuata vielezi, ambavyo huanza kwa vistari viwili na hueleza namna tendo litakavyofanyika.

Programu ya rclone iliasisiwa na Nick Craig-Wood, mwanaprogramu wa Uingereza. Ni programu huria isiyolipiwa, hufanya kazi katika Windows, Linux na macOS, na huweza kuwasiliana na huduma za hifadhi zaidi ya 70. Mtumiaji huanza kwa kuchapa:

rclone config

Programu humuuliza maswali: anataka kuipa hifadhi jina gani, ni ya huduma ipi, na kama anakubali ifunguliwe kupitia kivinjari. Jina huchaguliwa na mtumiaji mwenyewe. Hakuna kinachomzuia kutumia Kiswahili, na katika makala haya tutaiita hifadhi ya kwanza "ghala" na ya pili "akiba". Nukta pacha baada ya jina huonyesha kwamba hifadhi hiyo iko mtandaoni. Kwa hiyo amri

rclone lsd ghala:

huorodhesha folda zilizomo ghalani. Amri "rclone about ghala:" hueleza nafasi iliyotumika na iliyosalia, pale ambapo huduma husika hutoa taarifa hiyo, nayo "rclone size ghala:rekodi" huhesabu faili na kutaja ukubwa wake kwa jumla. Kwa amri hizi tatu mtafiti anaweza kujua hali ya maghala yake yote pasipo kufungua kivinjari na kusubiri picha zipakiwe kwenye mtandao dhaifu.

Tahadhari moja inafaa hapa. Maswali hayo yakishajibiwa, funguo za kuingilia hifadhini huandikwa katika faili ya mipangilio ndani ya kompyuta hiyo. Anayeipata faili hiyo ameupata mlango. Haifai kabisa kufanya mipangilio hii kwenye kompyuta ya saiba, na hata kwenye kompyuta ya binafsi ni vyema kuiwekea faili hiyo nywila. Nafasi ya kufanya hivyo imo katika "rclone config" yenyewe.

Vitenzi Vitatu: copy, move na sync

Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na watumiaji wakaweza kuona menyu za kuandikia na kukokotoa kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Amri zinazochapwa, hata hivyo, hazikutafsiriwa, na yamkini hazitatafsiriwa, kwa sababu ni sehemu ya programu yenyewe. Kazi ya mwanaistilahi ni kuzifasiri kwa usahihi ili mtumiaji ajue anachokitenda. Tuvitazame vitenzi vitatu.

Cha kwanza ni "copy", yaani nakili:

rclone copy rekodi ghala:rekodi

Amri hii huchukua kila kilichomo katika folda ya "rekodi" kwenye kompyuta na kukipeleka ghalani. Faili ambayo tayari iko huko, ikiwa na ukubwa na tarehe ileile, hurukwa. Faili iliyomo ghalani ambayo haipo kwenye kompyuta haiguswi. Hata hivyo, faili yenye jina lilelile iliyobadilika kwenye kompyuta itaandikwa juu ya ile ya zamani. Kwa kuwa rekodi ya mahojiano haitarajiwi kubadilika baada ya kukamilika, kielezi "--immutable" ni kinga nzuri. Huizuia programu kubadilisha faili iliyokwisha kuhifadhiwa, na badala yake huripoti hitilafu.

Cha pili ni "move", yaani hamisha. Faili hupelekwa ghalani, na ikishafika huondolewa kwenye chanzo. Kitenzi hiki humfaa aliyejaza kompyuta, lakini hakimwongezei nakala. Alikuwa na moja, na bado ana moja, ila mahali pengine.

Cha tatu ni "sync", na hapa ndipo penye hatari. Wengi hukifasiri kuwa "sawazisha" au "landanisha". Mzungumzaji wa Kiswahili akisikia kwamba pande mbili zinasawazishwa, huelewa kwamba kila upande utapewa kilichopungua. Hilo silo linalotendeka. Amri

rclone sync rekodi ghala:rekodi

huifanya folda ya ghalani ifanane kabisa na ile ya kompyuta. Kilichomo kwenye kompyuta na hakimo ghalani hupelekwa. Kilichomo ghalani na hakimo kwenye kompyuta hufutwa. Kompyuta haipokei chochote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi amerekodi wachumaji wa chai kwa muhula mzima, na kila jioni ametumia "sync". Kompyuta inapojaa, anafuta rekodi za miezi miwili ya kwanza akiamini kwamba ziko salama ghalani. Jioni hiyo anachapa amri yake ya kila siku. Programu inatii: rekodi hizo hazimo kwenye chanzo, basi haziwezi kubaki kwenye kikomo. Hakuna hitilafu iliyotokea. Tendo limefanyika sawasawa na maana ya kitenzi, ila si maana iliyokuwa akilini mwa mwenye kuamuru. Katika Google Drive faili hizo kwa kawaida zitakaa kwenye pipa la taka kwa siku 30. Akigundua kosa mwezi wa tatu, majuto yatakuwa mjukuu.

Kwa mtazamo wetu, istilahi inayokifaa zaidi kitenzi hiki ni "akisi". Kioo huakisi kilicho mbele yake. Ukiondoka mbele ya kioo, taswira yako nayo huondoka, na hakuna anayekilaumu kioo. Anayeambiwa kwamba ghala lake "linaakisi" kompyuta atatambua mara moja kwamba kufuta huku ni kufuta kule. Neno "sawazisha" libakizwe kwa amri nyingine ya programu hiyohiyo, "bisync", ambayo kwa hakika hupeleka mabadiliko pande zote mbili. Hii si mizozo ya maneno kwa ajili ya mizozo. Istilahi isiyo sahihi katika ushairi itamkera mhakiki. Katika utunzaji wa data itafuta sauti ya mtu.

Haimaanishi kwamba "sync" isitumiwe kamwe. Ina manufaa mahali ambapo mtu anataka nakala iliyo sawa na chanzo bila mabaki, kwa mfano folda ya rasimu za tasnifu. Atakayeitumia ajizoeze kanuni tatu. Kwanza, atangulize jaribio:

rclone sync rasimu ghala:rasimu --dry-run

Kielezi hicho huiagiza programu itaje yote ambayo ingeyatenda bila kuyatenda. Asome orodha hiyo, hasa mistari ya kufuta. Pili, aweke kikomo cha ufutaji. Kielezi "--max-delete 10" huisimamisha kazi pindi faili zinazotakiwa kufutwa zinapozidi 10. Tatu, aelekeze vinavyoondolewa viwekwe kando badala ya kupotea:

rclone sync rasimu ghala:rasimu --backup-dir ghala:zilizoondolewa

Kwa rekodi za nyanjani, hata hivyo, kitenzi chake kiwe "copy".

Kupima Mara Mbili

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kidijitali inaweza kuoza pasipo kutoa harufu: faili ikakatika njiani, au diski ikaharibika kidogokidogo, na jina la faili likabaki palepale likimhadaa mwenyewe. Mkulima mdogo wa chai anaifahamu hali ya namna hii kuliko mwanafunzi. Majani yake hupimwa kwenye kituo cha kukusanyia, na mzigo hupimwa tena unapofika kiwandani. Mizani miwili isipopatana, maswali huulizwa. Hakuna anayeridhika kwa kuwa lori limeonekana likiingia langoni.

Mizani ya pili katika rclone ni kitenzi "check":

rclone check rekodi ghala:rekodi

Programu hulinganisha ukubwa wa kila faili pande zote mbili, pamoja na alama yake ya uthibitisho. Alama hiyo ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili. Biti moja ikibadilika, alama nzima hubadilika. Jibu linalotakiwa ni kwamba tofauti ni 0.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalitambui. Huduma hazitumii alama za aina moja. Google Drive hutunza alama ya MD5 miongoni mwa nyingine, OneDrive hutumia QuickXorHash, na Dropbox ina yake. Kompyuta ya mtafiti inaweza kukokotoa zote hizo, kwa hiyo kuilinganisha na ghala moja moja hakuna shida. Lakini akilinganisha "ghala:" na "akiba:" moja kwa moja, na maghala hayo hayana alama inayoshirikiwa, programu italinganisha ukubwa peke yake, na ukubwa si ushahidi wa kutosha. Dawa ni kulinganisha kila ghala na nakala asilia, au kuongeza kielezi "--download", ambacho huzivuta faili zote na kuzilinganisha baiti kwa baiti. Dawa hii ya pili ni ya uhakika, ila hugharimu data nyingi.

Gharama ya Njia

Suala la gharama haliepukiki kwa mwanafunzi anayenunua vifurushi vya data. Kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, kupakia gigabaiti 1 huchukua zaidi ya saa 2. Zaidi ya hayo, wengi hudhani kwamba faili zikihamishwa kutoka wingu moja hadi jingine huruka moja kwa moja kutoka seva hii hadi ile. Amri

rclone copy ghala:rekodi akiba:rekodi

ikiwa ghala ni la Google na akiba ni ya Microsoft, huzivuta data hadi kwenye kompyuta ya mtumiaji, kisha huzipandisha upande wa pili. Gigabaiti 10 zitakula gigabaiti 20 za kifurushi. Ikiwa nakala asilia ipo kwenye kompyuta au diski, ni nafuu kuipakia mara mbili, kila ghala mara moja, maana hapo hakuna gharama ya kuvuta. Na kama data ni nyingi, kazi hiyo ifanyiwe kwenye mtandao wa chuo. Hapo mstari wa amri una faida nyingine: amri ikishaandikwa, huweza kuachwa ikitenda usiku kucha bila mtu kukaa mbele ya skrini.

Kwa anayetumia mtandao mmoja na wenzake, kipo kielezi cha kupunguza kasi. Kwa mfano, maneno

--bwlimit "08:00,200k 19:00,off"

huiagiza programu isizidi kilobaiti 200 kwa sekunde kuanzia saa mbili asubuhi, na iachiliwe kuanzia saa moja jioni. Saa za kompyuta ni zile za kuanzia usiku wa manane, si za Kiswahili, na asiyekumbuka hilo atashangaa mbona kazi yake inakwenda kinyume.

Umeme au mtandao ukikatika, amri ileile hurudiwa. Faili zilizofika hurukwa na zilizobaki huendelea. Lakini faili iliyokuwa katikati ya safari kwa kawaida huanza upya tangu mwanzo. Katika nyanda za juu za chai, ambako mvua ya alasiri ni jambo la kawaida na umeme haukosi kuyumba, faili moja ya saa tatu inaweza kuanza upya mara nyingi isifike. Ni heri kuigawa rekodi katika vipande. Dakika 10 za sauti ya mkondo mmoja iliyotajwa awali ni takriban megabaiti 53, na kipande kama hicho kikikatika hasara yake ni ndogo. Vipande vipewe majina yenye mpangilio, mathalani mwaka, mwezi, siku, mahali na nambari ya kipande, ili mtafiti mwingine aweze kuyaelewa bila kumuuliza aliyeyaandika.

Siri za Watoa Habari

Sauti ni mali ya mwenye sauti. Mchumaji anayesimulia malipo yake, msimamizi wake au ugonjwa wake ametoa kitu kinachoweza kumdhuru kikifika masikio yasiyofaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaweka asili ya kikabila na hali ya afya miongoni mwa taarifa nyeti za mtu, na ina masharti kuhusu kuzipeleka data hizo nje ya nchi. Mtafiti anayepakia mahojiano kwenye seva ya mbali anapaswa kuwa amemweleza mhojiwa hivyo na kupata ridhaa yake. Fomu ya ridhaa iliyoandikwa "data zitahifadhiwa salama" bila kusema wapi haimwelezi mhojiwa lolote.

Programu ya rclone ina njia ya kusimba data kabla hazijaondoka kwenye kompyuta. Katika "rclone config" mtumiaji huunda hifadhi ya aina ya "crypt" juu ya ile aliyonayo. Tuseme ameiita "sanduku". Akipakia kwenda "sanduku:", faili hufika ghalani zikiwa zimesimbwa, hata majina yake yakiwa hayasomeki kwa mwenye seva. Akizivuta kupitia "sanduku:" hurejea katika hali yake. Kinga hii ina masharti makali: nywila ikipotea, hakuna ofisi wala kampuni inayoweza kuirejesha, na data zitabaki ghalani zikiwa kamili lakini hazina maana. Nywila iandikwe na ihifadhiwe mahali salama nje ya kompyuta hiyo, na faili ya mipangilio nayo inakiliwe.

Hitimisho

Taaita Toweett, mwanaisimu na mwanasiasa Mkipsigis aliyeishi kati ya mwaka wa 1925 na 2007, alichapisha utafiti wake kuhusu isimu ya Kikalenjin mwaka wa 1979. Kitabu kilichochapishwa husambaa: nakala moja ikinyeshewa, nyingine iko katika maktaba ya mbali. Rekodi ya mwanafunzi wa leo haina bahati hiyo. Huzaliwa ikiwa moja, na itabaki moja mpaka mwenyewe aamue vinginevyo.

Tumeonyesha kwamba uamuzi huo hauhitaji fedha nyingi wala utaalamu wa uhandisi. Unahitaji hatua chache zinazofuatana: rekodi igawanywe vipande na ipewe majina yenye mpangilio, isimbwe ikiwa ni nyeti, inakiliwe kwa "copy" katika maghala mawili yaliyo chini ya mamlaka tofauti, kisha ithibitishwe kwa "check" mara tu baada ya kupakiwa na, baada ya hapo, walau kila muhula. Kabla ya kuhitimu, data zihamishwe kutoka kwenye akaunti ya chuo, na msimamizi wa utafiti apewe nakala kwa mujibu wa ridhaa ya wahojiwa.

Fauka ya hayo, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina wajibu wa kipekee. Wahandisi wataendelea kutuletea amri zilizoundwa kwa lugha nyingine. Ni juu yetu kuhakikisha kwamba anayezipokea kwa Kiswahili anapokea maana yake kamili, pamoja na hatari zilizomo ndani yake. Tukifundisha kwamba "sync" ni kusawazisha, tutakuwa tumemwachia mwenzetu wembe bila kumwambia una makali pande zipi. Tukimfundisha kwamba ni kuakisi, atasita kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, na huenda kusita huko ndiko kutakakoinusuru sauti ya mchumaji wa Konoin ambaye hatarudi tena shambani kuzungumza.